Wanachuo au watumishi: kikosi cha raga cha Dodoma kijengwe na nani?

Kundi letu la WhatsApp lilikuwa na majina 34. Jumamosi moja ya mwezi wa saba tukafika uwanjani watu 14. Upepo wa Dodoma wa majira yale ulikuwa unatutupia vumbi usoni, wageni wetu wameshashuka kwenye basi na wanafunga njumu, na kati yetu sisi 14 hakuwepo hata mmoja aliyewahi kusimama katikati ya mstari wa mbele wa skramu, pale watu wa mbele wa timu mbili wanapofungana mabega na kusukumana. Tukaomba mechi igeuzwe iwe ya saba kwa saba. Wageni wakakubali kwa upole, ule upole unaouma kuliko kipigo. Kipigo nacho kikaja. Usiku mwenzetu mmoja akaandika kwenye kundi: "Kikosi tunacho kipana, shida yetu ni mahudhurio tu."

Sentensi ile ilinikera wiki nzima. Mchezaji ambaye kila mwezi wa saba yuko kwao Kagera hawezi kuitwa mchezaji wa akiba. Huyo ni namba ya simu.

Siku hizi naulizwa swali hilohilo na watu wawili watatu, mmoja wao akitaka kuanzisha timu Singida mjini: wachezaji tuwatoe wapi? Kwa huku kanda ya kati naona njia kubwa mbili. Ya kwanza ni vijana wa vyuo. Ya pili ni watumishi wa serikali, ambao tangu wizara zihamie huku wamejaa mji mzima. Ipo na ya tatu, kumleta mtu aliyekwisha iva kutoka Arusha, Dar es Salaam au Kenya. Hiyo nitaigusa upesi, maana watu wanaipenda kuliko inavyostahili. Nimewafundisha wote, na nasema mapema kwamba siku ile ya vumbi tulikuwa timu ya wanachuo watupu.

Upana wenyewe unapimwaje

Tumezoea hesabu za mpira wa miguu. Beki wa kulia akiumia, kiungo anashuka, maisha yanaendelea. Ni kipa tu ambaye huwezi kumbadilisha na yeyote. Sasa raga ya watu 15 ichukulie kama mchezo wenye makipa watatu, na wote wamesimama mbele: propu wawili, namba 1 na namba 3, na katikati yao huka, namba 2. Skramu ikifungwa, msukumo wa watu wanane wa upande huu na wanane wa upande ule unapita kwenye shingo na mabega ya hao watatu. Mtu asiyefundishwa ukimwingiza pale unacheza na uti wake wa mgongo.

Ndiyo maana sheria haikuachii uamuzi. Sheria ya 3 ya World Rugby, shirikisho la raga duniani, inasema ukiandikisha wachezaji 15 au pungufu, angalau watatu wawe wanaoweza kucheza mstari wa mbele. Ukiandikisha 16 hadi 18 wawe wanne, 19 hadi 22 wawe watano, na ukiandikisha 23 wawe sita. Wakiisha, mwamuzi anaamuru skramu za kushikana bila kusukumana. Na kwa kikosi cha watu 23, yule ambaye kutoka kwake ndiko kumeleta hali hiyo haruhusiwi kupata mbadala, kwa hiyo mnamalizia mkiwa pungufu. Unaweza kuwa na mawinga kumi wanaokimbia kama swala wa Mkungunero, na bado ukabaki na watu 14 uwanjani.

Wakubwa nao yamewakuta. Fainali ya Kombe la Dunia 2019, Yokohama, propu wa Uingereza Kyle Sinckler alitoka dakika za mwanzo kabisa baada ya kugongwa kichwani. Dan Cole akaingia na ikabidi abebe karibu mechi nzima mbele ya skramu ya Afrika Kusini iliyokuwa inaleta propu wapya kutoka benchi. Matokeo yalikuwa 32–12, na adhabu za skramu zilichangia sana. Miaka minne baadaye kibao kiligeuka nusu. Afrika Kusini walimpoteza huka wao Malcolm Marx katikati ya mashindano, na badala ya kuita huka mwingine wakamwita Handré Pollard, mpigaji wa mikwaju. Fainali ikaanza, na huka aliyebaki, Bongi Mbonambi, akaumia ndani ya dakika chache. Aliyeingia ni Deon Fourie, mwenye miaka 37, ambaye kwa miaka ile alikuwa akicheza zaidi kama flanka, mtu wa pembeni mwa skramu. Mipira yao ya kurusha kutoka pembeni, ambayo ni kazi ya huka, iliyumba usiku ule. Lakini walishinda 12–11, na pointi zote 12 alizifunga Pollard kwa mikwaju minne ya adhabu. Kwa hiyo kocha alikuwa sahihi au alicheza kamari? Mimi nasema kamari, ila ya mtu aliyehesabu fedha zake kabla ya kuketi mezani.

Na kuna ya New Zealand, Kombe la Dunia 2011, ninayowasimulia vijana wa benchi kila msimu. Dan Carter akaumia, Colin Slade akaumia, Aaron Cruden akaumia kwenye fainali yenyewe. Namba 10 (mwongoza mchezo) wa nne, Stephen Donald, alikuwa akivua samaki wadogo mtoni wakati simu ya kumwita kikosini inatafuta njia. Ndiye aliyepiga mkwaju wa adhabu uliowapa ubingwa, 8–7 dhidi ya Ufaransa.

Kipimo changu baada ya hayo yote ni karatasi moja. Andika namba 1 mpaka 15. Kwa kila namba weka jina la mtu *wa pili*, wa kwanza usimwandike kabisa, na utumie wale tu waliofika mazoezini wiki iliyopita. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilipata majina manane ya namba 11 na 14, yaani mawinga, moja la namba 9, yule anayeutoa mpira skramuni, na mstari mtupu mbele ya namba 2.

Ongeza na jambo la kichwa. Kwa raga ya ridhaa, mwongozo wa sasa wa World Rugby unataka aliyepata mtikisiko wa ubongo asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21. Hizo ni wiki tatu kwa pigo moja. Mnaocheza mechi mbili kwa mwezi mjue kwamba kila kichwa kinachogongwa kinawatolea mtu kwa mechi mbili hivi, na asiwepo mtu wa kumbembeleza kocha.

Wanachuo

Idadi wanayo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanza 2007 kilijengwa kwa shabaha ya kubeba wanafunzi 40,000. Kuna St. John's, kuna Mipango, kuna CBE, na ukitoka nje kidogo kuna Hombolo. Pita Ng'ong'ona saa kumi jioni uone vijana waliokaa vibarazani hawana pa kupeleka nguvu zao. Unawakusanya 30 kwa tangazo moja, na miili yao inasamehe: akiangushwa Jumanne kwenye ardhi yetu hii ngumu kama sakafu, Alhamisi amerudi anacheka.

Kufundishika pia wanafundishika, isipokuwa mikono. Wamekulia kwenye mpira wa miguu, na mtu wa mpira wa miguu akitupiwa mpira wa raga anaupokea kwa kifua kisha anautafuta chini. Baada ya kupoteza mwezi na watu wa namba hiyo nilibadili namna ya kutafuta. Siku hizi naulizia waliocheza mpira wa mikono au kikapu kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Hao wanajua kuudaka mpira huku wanakimbia, na pasi ya kurudi nyuma wanaielewa kwa wiki mbili. Wengine ninaowawinda ni makipa waliokosa namba kwenye timu zao. Kipa mwenye roho ya kuruka kwenye mpira wa juu katikati ya watu ni fulubeki tayari, yaani mlinzi wa nyuma kabisa, amebakiza kujifunza kukimbia nao.

Kwa wasichana jambo hili ni jepesi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Netiboli imewapa mikono na macho ambayo kaka zao hawana. Na kabla ya netiboli walikuwa na rede, kule kukwepa mpira kwa kiuno. Ukianzisha timu ya wanawake ya saba kwa saba hapa Dodoma, uliza kwanza nani alicheza netiboli shuleni, wala usihangaike na maswali mengine.

Sasa ubaya. Mwanachuo ana kalenda yake, na kalenda hiyo haijui kama wewe una ligi. Ukifika mwezi wa saba wanaanza kuondoka, wengine kwenda *field* mikoani, wengine nyumbani, na wengi hawarudi mpaka vyuo vifunguliwe karibu na Novemba. Wiki za UE, mitihani ya chuo, usiwaite, wala usiwalaumu. Boom, ile fedha ya mkopo wa chuo, likiingia nauli ya daladala ipo na mtu anakuja na maji yake. Boom likikata anakuambia amebanwa na *assignment*. Mimi siku hizi sibishi, najua ni njaa. Timu ya wanachuo inahitaji mfuko wa nauli na sufuria la ugali baada ya mazoezi. Ukikosa hivyo, wa kwanza kupotea ni yule mwenye mwili mkubwa.

Na miili mikubwa ndiyo wasiyonayo wengi. Kijana wa miaka 20 anaweza kuwa flanka wa kutisha, lakini propu hakomai kwa muhula mmoja. Shingo, mgongo, ujanja wa kushika na kujipinda, hivyo vinakuja kwa misimu. Hesabu yake chuoni: mwaka wa kwanza anajifunza, mwaka wa pili anacheza, mwaka wa tatu ana utafiti wa kuandika na kazi ya kutafuta. Umefundisha miaka mitatu ili uvune msimu mmoja na nusu, kisha anahitimu na unampigia makofi kwenye ukumbi wa Chimwaga huku roho inakuuma.

Watu wa kamba

Wazo hili nililipata kwa bahati. Nilikuwa nasubiri uwanja wazi jioni moja, na upande wa pili watumishi wa wizara fulani wanajiandaa na SHIMIWI, michezo ya wizara na idara za serikali. Walikuwa kwenye kuvuta kamba. Nikaangalia dakika tano, nikasahau kilichonileta. Migongo imenyooka, visigino vimechimba ardhi, matako chini, watu wanapumua pamoja na kusogea pamoja kwa amri ya mtu mmoja. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikiwafokea vijana wangu wafanye kitu hichohicho.

Nikamfuata aliyekuwa mwisho wa kamba, baba mmoja mpana kama mlango.

"Shikamoo mkuu. Umewahi kucheza raga?"

"Marahaba. Raga si ule mchezo wa kupigana?"

"Hapana mkuu, wa kusukumana."

"Kusukumana na nani?"

"Na watu wanane."

Akawatazama wenzake, akacheka. "Nane tu?"

Yule sasa ni namba 3 wetu. Ana miaka 41 na hajawahi kufunga trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, na timu nzima inajua kwamba akikosekana tunateremka kilima.

Nguvu ya kamba na ya skramu zinakaribiana kwenye miguu na mgongo, ila kuna tofauti moja usiyotakiwa kuipuuza. Mvuta kamba anakwenda kinyumenyume, kidevu juu. Propu anakwenda mbele, kichwa kimeingia kati ya mabega ya wapinzani. Shingo ya mvuta kamba haijawahi kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo tunakaa naye wiki sita kabla hajaguswa na mpinzani: mazoezi ya shingo, kisha kusukuma toroli tulilolijaza mifuko ya mchanga, kisha mtu mmoja kwa mmoja, kisha watatu kwa watatu. Na kabla ya yote akapimwe presha na moyo. Mtu wa miaka 40 anayekaa ofisini hapewi njumu kwa sababu tu ana kifua.

Ana faida nyingine ambazo hazionekani uwanjani. Nauli anajilipia. Bima ya afya anayo kwa makato ya mshahara, na siku mtu anapovunjika mfupa wa bega ndipo utakapojua uzito wa kadi hiyo. Anawahi, maana amezoea daftari la mahudhurio. Na haondoki baada ya miaka mitatu. Ataondoka akihamishwa kituo au goti likikataa.

Lakini usidhani nimepata malaika. Mtumishi naye ana misimu ya kupotea, tena inaumiza zaidi kwa sababu hutegemei. Aprili mpaka Juni ni Bunge la bajeti, na baada yake kufunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni. Katika miezi hiyo mtu wa wizara hana jioni yake. Safari ya kikazi ikitokea usijaribu hata kushindana nayo, raga haijawahi kuishinda posho. Septemba na Oktoba mara nyingi ni SHIMIWI yenyewe, na wanarudi kwenye kamba yao.

Halafu kuna Ijumaa. Wengi familia zao bado ziko Dar es Salaam, na tangu treni ya SGR ianze kuja Dodoma mwaka 2024, Ijumaa jioni wanapanda na Jumapili wanarudi. Mwanzoni nililia sana na jambo hili. Baadaye nikaligeuza: nusu ya watu wangu wa mbele wanashinda Dar kila Jumamosi bila mimi kutoa senti. Nauli ya daraja la kawaida treni ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Watu 23 kwenda tu ni 713,000, kwenda na kurudi 1,426,000. Mechi ya Dar ikipangwa Jumamosi, watu hao wa mbele wanaamkia Temeke au Kimara kwenye vitanda vyao, na mimi nasafirisha vijana peke yao. Timu ya watumishi ni nafuu ugenini kuliko nyumbani! Mechi za nyumbani tunazipeleka katikati ya wiki, saa kumi na nusu jioni, maana kazi inaisha saa tisa na nusu na kutoka Mtumba, ziliko wizara, mpaka mjini ni mwendo wa bajaji tu ukikuta barabara iko wazi.

Wanajeshi, polisi na vijana wa JKT Makutupora ningewaweka kundi hili kwa miili na nidhamu, ila ruhusa zao hazimtegemei mchezaji. Akija mshukuru, asipokuja usiulize.

Wakiwekwa bega kwa bega

| | Wanachuo | Watumishi |
|---|---|---|
| Miezi mizuri | Novemba hadi Juni, ukitoa wiki za mitihani | Novemba hadi Machi. Julai na Agosti |
| Miezi ya kupotea | Julai hadi Oktoba | Aprili hadi Juni. Septemba na Oktoba. Safari wakati wowote |
| Wanafaa | Winga, senta, fulubeki, flanka, namba 9 | Propu, huka, loki (wasukumaji wa mstari wa pili) |
| Kinachowatoa | Kuhitimu, njaa | Uhamisho, magoti, wikendi za Dar |
| Mzigo kwa timu | Nauli, chakula, njumu, matibabu | Uvumilivu, na wiki sita za shingo |

Ukiitazama kalenda hiyo kwa utulivu utaona Novemba mpaka Machi wote wapo. Na huo ndio msimu wetu wa mvua, kidogo ilivyo. Ardhi ya Dodoma inalainika, njumu zinashika, mtu akianguka hachubuki mpaka nyama. Ukiwa na uwezo wa kupanga mechi zako mwenyewe, skramu za kweli ziwekwe hapo. Septemba ndiyo jangwa letu: vijana wako kwao, wakubwa wako kwenye kamba. Mwezi huo mimi nashona mipira na kuondoa mbigili uwanjani.

Mtu wa kuletwa

Tulifanya hivyo mara moja. Tulichanga nauli, chumba na posho ya miezi mitatu tukamleta winga kutoka nje ya mkoa, kijana mwenye mbio za ajabu. Mechi ya kwanza nilihesabu mara alizougusa mpira: nne. Skramu yetu ilikuwa inarudi nyuma kila ilipofungwa, namba 9 anachimba mpira miguuni mwa wapinzani, na winga wetu wa fedha amesimama pembeni mikono kiunoni kama mtu anayesubiri gari Sabasaba. Hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu, tulinunua paa kabla ya msingi.

Ukiwa na fedha ya mtu mmoja tu, mlete huka au propu mzee aliyemaliza enzi zake Arusha, Dar au Nairobi na bado anapenda kufundisha. Mkubaliane miezi, na mkubaliane kwa maandishi kwamba kazi yake ni kuacha watu wawili nyuma yake. Acheze nusu ya mechi, nusu nyingine asimame pembeni akipiga kelele. Wa pili ningemleta namba 10. Winga asiletwe, winga wako wapo Ng'ong'ona.

Kabla hujachagua, unacheza raga gani?

Jibu lote hapo juu linabadilika ukisema unacheza saba kwa saba peke yake. Huko kikosi ni watu 12, kipindi ni dakika saba, skramu ni ya watu watatu na inaisha haraka. Anayetakiwa ni mtu wa mapafu. Kenya walipotwaa Singapore Sevens mwaka 2016 dunia iliona jinsi mbio na mikono vinavyoweza kumzidi tajiri. Timu ya aina hiyo ijengwe na wanachuo, hapo sina ubishi. Nauli ya kwenda Dar inashuka mpaka 372,000, na hata wakipotea 20 kati ya 34 bado una timu.

Yule ndugu wa Singida nilimwambia hivyohivyo: anza na saba, tena usiwe na haraka. Singida haina wizara, na wakimbiaji inao. Akipata watu wanene watano wanaodumu mwaka mzima, hapo aanze kufikiria kumi kwa kumi, ambayo ina skramu ya watano na inasaidia kufundisha mstari wa mbele bila kuhitaji watu 23. Kumi na tano isubiri.

Kwa Dodoma, na kwa anayetaka kumi na tano kweli, ningewachagua watumishi kwanza. Najua inashangaza, maana kila anayeanzisha timu anakimbilia chuoni na mimi mwenyewe nilikimbilia huko. Sababu yangu ni karatasi ile ya majina ya pili. Namba 11 na 14 zinajaa zenyewe, hata ukilala. Namba 1, 2 na 3 hazijai mpaka uzifuate, na watu wake wanakaa Mtumba. Tafuta sita wa mbele wanaolipwa mshahara hapa, halafu panda chuoni ukachukue mikono na miguu. Ukianza na vijana utakuwa unamtafuta huka kila mwezi wa saba, kama sisi.

Mwenye muda mrefu zaidi, wa miaka sita au saba, aende sekondari na raga ya kuvuta utepe ambayo haina kuangushana. Ni njia nzuri kuliko zote mbili, na sijawahi kuwa na subira nayo.

Karatasi yangu ya wiki iliyopita ina majina mawili ya pili kwenye namba 3, moja kwenye namba 1. Namba 2 bado ni mstari mtupu: huka wetu ni mmoja, mhasibu, na ametuambia kuna uwezekano wa kuhamishiwa Tabora. Alhamisi saa kumi na nusu watu wa kamba wanaanza mazoezi. Nitakuwepo pembeni na daftari, namtafuta mfupi mwenye shingo nene anayejua kurusha mpira.